Kioo cha kunyolea na kisima cha uani

Kisima chetu hapa Mbagala ni cha pete saba za zege, na maji yake ni meupe pe. Mwaka jana masika yalipokolea, watoto wawili wa mpangaji waliharisha wiki nzima. Mama yao hakunilaumu. Aliuliza tu, "Baba Asha, haya maji mliwahi kuyapima?" Nikakosa jibu.

Maabara walinipa chupa iliyotakaswa na masharti: mdomo wa bomba uupitishe moto, uache maji yatiririke kwanza, usiguse ndani ya kifuniko, chupa ikae kwenye barafu na ifike siku hiyohiyo. Nikapanda daladala na ndoo ya barafu mapajani. Mtoto mmoja akaniuliza aiskrimu bei gani.

Majibu: E. coli, yaani bakteria wa kinyesi, 38 katika mililita 100, panapotakiwa sifuri. Naitreti, kemikali inayoyeyuka majini, miligramu 71 kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 50.

Kisima kina kipenyo cha mita 1, na maji yalisimama mita 3, yaani lita 2,350 hivi. Nikapimiwa gramu 180 za klorini ya unga ya asilimia 65. Nikaikoroga kwenye ndoo, nikamimina, nikafungua kila bomba hadi harufu ikatoka, tukalaza maji usiku kucha, kesho yake tukayavuta na kuyamwaga. Wiki iliyofuata E. coli: sifuri. Nikatamba mtaa mzima. Vuli ikanyesha, nikapima tena: 12.

Fundi alikuja saa tatu asubuhi, akaomba kioo changu cha kunyolea, akalinasa jua na kulirusha kisimani. Kati ya pete ya kwanza na ya pili palikuwa na mchirizi wa tope, na tone likidondoka, kisha jingine. Yalikuwa maji ya kufulia tunayomwaga pale pembeni! Tukaziba ufa, tukamwaga sakafu ya zege yenye mteremko kuzunguka kisima, karo likahamia ng'ambo ya uwanja. Nikarudia klorini. Masika haya nimepima: sifuri.

Naitreti bado 70. Inatoka kwenye vyoo vya shimo, vyangu na vya majirani. Klorini haiigusi, na ukichemsha ndiyo inazidi, maana maji yanapungua, naitreti inabaki. Ni hatari zaidi kwa vichanga. Kisima sasa ni cha kuoga, kufua na kudeki. Ya kunywa tunanunua madumu ya maji ya bomba, na mpangaji mpya mwenye kichanga dumu la kwanza nilimbebea mwenyewe hadi mlangoni.