Kioo Kwenye Paa la Duara

Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo, aliuliza swali la haki kabisa: jiwe lake lina nguvu kiasi gani? Ilikuwa Novemba 2017, mawingu yameanza kujikusanya juu ya Chunya, nami nilikuwa nimetoka Mbeya mjini na majibu ya sampuli zake. Nikamwambia kwamba granaiti yake ilihimili mgandamizo wa zaidi ya megapaskali 150 kabla ya kupasuka, yaani mara tano hivi ya zege la kawaida la ghorofa.

Akamgeukia msimamizi wake. "Umesikia? Sasa haya matimba tunayanunua ya nini?"

Sikumshangaa. Gogo la kuzuia paa linanunuliwa, linaombewa kibali maliasili, linapakiwa kwenye gari, na mwisho wa yote linashushwa kwa kamba hadi chini na watu ambao siku hiyo hawatapakia kiroba hata kimoja cha mawe. Mtu anayeishi kwa kubahatisha mshipa wa dhahabu akiambiwa jiwe lake ni imara, atauliza tu swali hilo. Ila mimi nilikuwa naandika utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu uthabiti wa maduara ya wachimbaji wadogo, na jibu lake ndilo lililonipeleka kule.

"Mzee," nikamwambia, "hiyo namba ni ya kipande, si ya mlima."

Kipande tunachokipima maabara ni mche wa mviringo wa jiwe unaoenea kiganjani. Ili ufike kwenye mashine, lazima uwe mzima. Wenye ufa hukatika wakati wa kuchongwa, au njiani kwenye gari, ukatupwa. Kwa hiyo mashine hupima yale mawe tu yaliyosalimika, kisha sisi tunaandika ripoti kana kwamba ndiyo mwamba wote. Nikamwambia apange ukuta wa matofali ya kuchoma bila udongo katikati, halafu atoboe mlango. Tofali halitavunjika hata moja, lakini ukuta utamshukia. Akanyamaza, akachukua kofia ngumu ya pili na kunipa. "Basi tushuke ukanionyeshe."

Kabla sijaeleza tulichokikuta, niseme jambo moja kuhusu ardhi ya Chunya, kwa sababu bila hilo habari hii haieleweki. Dhahabu ya Lupa, eneo la machimbo la huku Chunya, imefuatwa tangu miaka ya 1920, na mgodi wa Saza ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya Tanganyika kabla ya kufungwa mwaka 1956. Miamba yenyewe ni ya kale mno, granaiti na jamaa zake za karibu miaka bilioni 1.9. Lakini dhahabu haikukaa ndani ya granaiti nzima. Ilikuja na maji ya moto yaliyopanda kutoka chini, na maji yale yalipita pale tu ambapo mwamba ulikuwa umekatika na kusagana. Mshipa wa kwazi, lile jiwe jeupe linalobeba dhahabu, unaofuatwa na mchimbaji umelala ndani ya jeraha la mwamba. Anayetafuta dhahabu Chunya anachimba mahali dhaifu kuliko pote, tena kwa makusudi, kwa sababu ndipo mali ilipo. Watu husema wachimbaji wadogo wanajitakia ajali. Maneno hayo yananiudhi hadi leo.

Duara lilikwenda chini mita thelathini hivi, kisha handaki la pembeni likafuata mshipa. Blowa ilikuwa inaunguruma juu, hewa yake ikitufikia kwa mpira wa nailoni. Msimamizi alitangulia akigonga paa kwa moko, chuma cha kuchimbia. Palipo pazima, chuma kililia. Palipoachana na mwamba wa nyuma, sauti ilikufa papo hapo. Hiyo ni mbinu ya wachimbaji wa dunia nzima, na ni nzuri, lakini husikia kilichokwisha kuachana. Kinachojiandaa kuachana hakina sauti.

Nikafunga futi ukutani, usawa wa kifua, mita kumi, nikaanza kuandika kila ufa uliokatiza ule mstari: upo umbali gani, umeelekea wapi, umeinama kiasi gani, una upana gani, na ndani yake kuna nini. Ni kazi ya kuchosha na haina utukufu wowote. Kijana mmoja alinishikia tochi, mwingine akawa anasoma dira baada ya kuonyeshwa mara moja tu, na akaisoma vizuri kuliko mimi kwa sababu macho yake yalikwisha kuzoea giza. Nyufa zikajipanga zenyewe katika makundi matatu. La kwanza lilienda sambamba na mshipa, limeinama karibu nyuzi 60. La pili liliinama upande wa pili, likikutana na la kwanza juu ya vichwa vyetu. La tatu lilikuwa karibu tambarare.

Kwenye nyufa za kundi la kwanza kulikuwa na utando wa kijani. Nilipitisha kidole gumba, kikateleza chenyewe. Kwa karibu niliona mikwaruzo iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja, alama ya uso mmoja wa jiwe kuwahi kuburuzwa juu ya mwingine. Ule ukijani ni madini ya kloraiti. Granaiti kavu iliyokwaruza hung'ang'aniana hadi mwinamo wa nyuzi 30 na zaidi. Kwa nyufa zenye utando wa kloraiti, mfumo wa Q, wa kupima ubora wa mwamba wa mahandaki, hukadiria nyuzi 8 hadi 16 tu. Mfumo huo uliandikwa mwaka 1974 na Barton, Lien na Lunde wa Norwe, baada ya kukusanya habari za mahandaki yapatayo 200, na unaupa mwamba alama kwa mambo sita: ukubwa wa vipande, idadi ya makundi ya nyufa, ukwaruzo wake, uozo wake, maji, na mgandamizo. Angalia orodha hiyo. Alama kubwa za mwamba zinatoka kwenye nyufa, na nguvu ya jiwe niliyoipima Mbeya huingia kwa mlango wa nyuma tu, kwenye lile la mwisho.

Nilichora makundi yale kwenye daftari, nikiwa nimechuchumaa. Juu ya sehemu ya mita tatu za handaki palikuwa na kabari ya mwamba, upana wa mita 1.2 chini na kimo cha mita moja, imeshikwa pande zote mbili na msuguano peke yake. Kwa uzito wa granaiti, tani 2.7 kwa mita moja ya ujazo, ile ilikuwa karibu tani 5. Na masika yalikuwa yanakuja. Maji yakijaa ndani ya ufa husukuma kuta zake zitengane, na msuguano ukapungua bila jiwe lenyewe kudhoofika hata kidogo.

Mwenye duara alikubali nusu. Matimba yabaki hapo na yaongezwe, lakini alitaka kuona kwa macho kwamba mwamba unahama. Nilikuwa na vioo vyembamba vya hadubini kwenye mkoba. Tulivigandisha kwa jasi, kila kimoja kimelala juu ya ufa, mguu huku na mguu kule, nikaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito.

"Dada, nimechimba tangu kijana, sijaona jiwe linalopimwa kwa kioo."

"Kioo hakipimi jiwe, mzee. Kinasema tu kama limesogea. Kikikatika, watu watoke kwanza, ndipo mnipigie."

Simu ilikuja Machi, mvua ikiwa imenyesha mfululizo. Msimamizi ndiye aliyepiga, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba watu wote wako juu. Kioo cha pili kutoka mlangoni kilikuwa kimekatika. Alinitumia picha: ufa safi, umekipasua katikati. Nilipanda gari asubuhi yake, barabara ya Kawetire ikiwa na ukungu hadi huwezi kuona misonobari ya pembeni.

Tulishuka watu wawili tu, tukasimama chini ya paa zima, tukamulika. Ufa ulikuwa umefunguka milimita tatu hivi, na maji yalikuwa yanachuruzika humo. Timba la katikati lilikuwa limeanza kuponda kichwa. Nyuzi za mti zilikuwa zimebonyea pale lilipogusana na ubao wa juu, na utomvu umetokeza. Ile kabari ilikuwa imekwisha kuuachia mwamba na kukaa juu ya magogo.

Waliishusha kwa baruti wakiwa mbali, kisha wakajaza kifusi. Nyuso zake zilipoanguka zilikuwa za kijani tupu. Mwenye duara aliokota kipande, akakisugua, akanipa mimi nikisugue, kama vile sikuwahi kukiona.

Jioni ile hatukuzungumza habari za megapaskali. Alitaka kujua handaki jipya alielekeze wapi. Nikamwambia kwamba njia ya kupita watu na winchi ni afadhali izikate nyufa za kijani kwa msalaba, kwa maana handaki likienda sambamba na ufa huacha juu yake paa refu la kuteleza. Lakini njia ya kufuata mshipa haina hiari hiyo, itakwenda sambamba tu. Hiyo, tukakubaliana, ichimbwe nyembamba, itiwe matimba hatua kwa hatua pasipo kungoja moko ubadili sauti, na vioo viwekwe kabla ya Desemba. Yule kijana wa dira nilimwachia dira na daftari. Alianza kupima handaki la upande wa pili kesho yake, akinitumia picha za kurasa, na mwandiko wake ulisomeka.