Kikapu cha mchunga

Jumamosi, Muheza. Mvua ya usiku ilikatika alfajiri, nyasi zimelowa chepechepe. Bibi alichukua kikapu, tukapita chini ya michungwa kwenda kuchuma mchunga, mboga chungu ya porini. Mwanangu, mtoto wa Dar, alidhani tunafuata machungwa.

Mchunga haupandwi. Huota wenyewe, hasa kwenye shamba lililopumzishwa. Jani lake ni refu, lina mikato pembeni, na ukilikata linatoa utomvu mweupe unaonata vidoleni. Nilikuwa nachuma ovyo.

"Mke mwenzangu, huo umeshatoa ua, achana nao."

Ukishachanua vile viua vya njano, uchungu wake hauvumiliki. Bibi huchuma vijani vya juu tu, kwa kucha, shina akaliacha lichipue tena.

Tulipofika mpakani mwa shamba tukakuta kumepigwa dawa ya magugu. Mchunga umesinyaa, mnavu umegeuka njano. Simlaumu aliyepiga, kupalilia kwa jembe kunavunja mgongo, na machoni pake yale ni magugu. Ila iliniuma. Bibi alisimama kimya, halafu akamwaga kikapu kizima chini, maana tulishachanganya na ya huku mpakani kabla hatujagundua. Tukaanza upya kule juu, karibu na kisima. Jua lilikuwa limeshapanda.

Nyumbani aliuchanganya na mnavu kupunguza makali. Akachemsha, akamwaga maji, akakamua kwa viganja, kisha kitunguu, nyanya, na mwisho tui zito. Wapo wasiomwaga yale maji, wanasema ndiyo dawa ya tumbo. Bibi mwenyewe huteka kikombe akinywa polepole kabla hajamwaga. Nilionja. Ni machungu kweli, lakini koo linabaki safi. Tukala na ugali wa muhogo.

Jioni akatia majani machache ya kivumbasi kwenye chai. Matawi mengine aliyatupia kwenye makaa kufukuza mbu, kwa hiyo harufu ya kikombe na harufu ya nyumba ikawa moja. Nimeikosa harufu hiyo miaka mingi bila kujua kwamba naikosa.

Wakati wa kuaga alinipa fundo la khanga. Ndani mna mbegu za mchunga, zile zenye manyoya meupe.

"Si ulisema haupandwi, Bibi?"

"Zamani haukuwa na haja ya kupandwa."

Kesho nazimwaga kwenye ndoo ya udongo, pale kibarazani.