Laptopu ya safari niliyoichagua kwa mizani na ndoo ya rangi

Kazi yangu ni kutunza hesabu za vikundi vya wavuvi na vyama vya akiba vya kina mama. Nyumbani ni Lamu mjini, lakini vikundi vyenyewe viko Siyu, Faza na Kizingitini, na kimoja kiko Malindi. Kwa hiyo laptopu yangu hupanda mashua na basi, hufunguliwa mapajani, na hushushwa pamoja nami kila polisi wanapokagua abiria njia ya Witu. Ile ya zamani ilipokufa niliomba ushauri, na ushauri niliopewa unaniudhi hadi leo, kwani karibu wote ulitoka kwa watu ambao laptopu zao haziondoki mezani.

"Chukua inchi 15 yenye Core i7, usijinyime." Kila niliyemuuliza alianza na hilo. i7, prosesa (ubongo wa kompyuta) yenye nguvu nyingi, ya nini? Hesabu za chama cha mtaa hazina uzito huo. Msafiri atazame kwanza herufi iliyo mwishoni mwa namba ya prosesa. Kwa zile za Intel, U hula umeme kidogo, wati 15 hivi, na H au HQ ni wati 45. Ukiwa na ya wati 45, betri itakuaga kabla mashua haijamaliza kupita mkondo wa Mkanda. Na hiyo inchi 15 ndani ya basi la Mokowe, abiria wa mbele akilaza kiti, kifuniko hakifunguki hata nusu.

Mwingine akanisukumia vile vilaptopu vipya vya bei nafuu, vyepesi kweli, lakini RAM (kumbukumbu ya kazi) ni GB 4 na hifadhi ni eMMC (chipu ya kuhifadhia) ya GB 32 au 64 iliyochomelewa kwenye bodi, haibadilishiki. Windows 11 peke yake inadai GB 64 ndipo ikubali kukaa. Hilo nililimaliza palepale.

Mpwa wangu ndiye aliyenishikilia zaidi. "Mjomba, siku hizi watu wanatumia tableti na kibodi ya kubandika." Akaniazima yake niende nayo Faza. Siku ile ilikuwa ya kugawana faida, kina mama wamejaa barazani, mweka hazina ananisomea daftari jina baada ya jina. Kibodi ile ina kiegemeo cha nyuma kinachotaka meza, na barazani hakuna meza. Nikiiweka mapajani inaanguka chali. Nikiishika kwa mkono wa kushoto, naandika kwa kidole cha kulia. Kioo chake kinang'aa, jua la saa nne likipiga naona kanzu yangu na paa la jirani, tarakimu sizioni. Mweka hazina amefika jina la kumi na tano, mimi bado niko la sita. Akaniuliza kwa upole, "Tukungoje, mwanangu?" Nikafunga tableti, nikachukua kalamu, tukamaliza kwa karatasi. Hakuna mtu mwenye kazi ya namba nyingi nitakayemshauri kitu kile. Unataka laptopu yenye bawaba ngumu, na kioo kisichong'aa.

Baada ya hapo niliacha kuuliza watu, nikaanza na ndoo.

Niwaeleze. Msimu wa kusi, mashua ikitoka nje ya mlango wa Manda, maji huruka kutoka omo hadi tezi. Zamani tulifunga vitu kwa mifuko ya nailoni, lakini mifuko ile ilipigwa marufuku Kenya nzima mwaka 2017. Mikoba ya kuzuia maji ipo, ila bei yake ni ya watalii. Mimi natumia ndoo ya rangi ya lita 20, ile yenye kifuniko cha kubana kwa ngumi. Ikisafishwa vizuri na kukaushwa, haipitishi tone, na ikianguka baharini inaelea. Kwa hiyo nikachukua rula nikapima ndani. Laptopu ya inchi 12.5 ina upana wa sentimita 30 hivi na kina cha 21. Ukiisimamisha, inaingia, inazungushiwa kikoi, na kifuniko kinafunga. Ya inchi 15 inachomoza juu. Basi nikawa na jibu ambalo hakuna muuzaji angeweza kunigeuza: inchi 12.5, au kama ni 13 basi ile yenye kingo nyembamba za kioo, na iwe imepimwa kwanza.

Ndoo nilikwenda nayo Malindi, nguo zangu ndani. Duka la kwanza lilikuwa na mashine nzuri ya mtumba, muuzaji akaapa ni kilo moja na nusu. Jirani yake kuna muuza halua, nikamwomba mizani. Nikaweka laptopu, halafu nikaweka na chaja yake, lile tofali lenye waya mnene. Kilo mbili na ushei. Muuzaji akasema chaja haihesabiwi. Haihesabiwi na nani? Begani kwangu inahesabiwa. Ukienda kununua, pima vyote viwili pamoja, hata kama ni kwa mizani ya nyanya.

Duka la pili ndipo nilipoikuta Dell Latitude 7290. Kiwandani inaandikwa kilo 1.17 ikiwa tupu, na kwenye mizani ileile ya halua, pamoja na chaja, ilicheza kwenye kilo moja na nusu. Ndani ya ndoo iliingia kama upanga kwenye ala. Sasa ikabaki betri, na hapa ndipo nilipojivunia.

Kijana wa dukani akanionyesha pembeni ya kioo: asilimia 100. "Imejaa, ustadhi, inakaa siku nzima." Asilimia mia ya nini? Nikamwomba anipishe. Nikafungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt), nikaandika powercfg /batteryreport, nikabonyeza Enter. Windows huandika ripoti na kukuonyesha imewekwa folda gani. Ukiifungua kwa kivinjari utaona mistari miwili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo ilio nao leo ikijaa. Wa kwanza ulisoma 42,000, wa pili haukufika 14,000. Maana yake asilimia mia yake ilikuwa theluthi ya betri. Nikamgeuzia kioo asome mwenyewe. Alinyamaza, akaenda kuzungumza na mwenye duka nyuma ya pazia, akarudi na bei nyingine. Tofauti ilitosha kununua betri mpya, ikafungwa siku ileile. Jumla sikuvuka elfu thelathini, au kama nilivuka ni kidogo. Amri hii haina gharama, na kwa laptopu ya mtumba usitoe hata shilingi kabla hujaiandika.

Kitu kingine kilichonipendeza ni kwamba inachaji kwa tundu la USB-C, lile la simu za kisasa. Siyu kwa mwenyeji wangu kuna betri ya sola ya volti 12. Zamani tulipitisha umeme kwenye inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo hula sehemu yake kabla haujakufikia. Sasa nachomeka chaja ya gari ya USB-C moja kwa moja. Ni ya wati 45, laptopu inanionya kwamba chaja ni ndogo, halafu inachaji polepole hadi inajaa. Hakikisha tu chaja imeandikwa PD (Power Delivery, mfumo wa kupitisha umeme mwingi kwa USB), kwa sababu zile za simu za kawaida haziifanyi chochote.

Jihadharini na dada yake, Latitude 7280. Kwa sura ni pacha, na wauzaji huchanganya. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea. 7280 ni ya kizazi cha sita na cha saba. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya i5: ikiwa 8, sawa. Ikiwa 7 au 6, na wewe hutumii Linux (mfumo mwingine badala ya Windows), teremsha bei sana au ondoka.

Nilitazama pia ThinkPad X280, nyepesi na kibodi yake tamu, lakini RAM imechomelewa. Hii yangu nafasi ya RAM ni moja, ila inabadilika. Nimeinunua na GB 8. Siku nitakapoweka 16, RAM hii ya GB 8 nitampa mpwa wangu, ambaye ameshauza tableti na sasa anatafuta ya inchi 12.5.