Mshahara wa Mama, Ada ya Kita na Hesabu Isiyokamilika

Katika mambo yanayovuruga ndoa zetu hapa Ujerumani, mimi naliweka hili mbele ya mengine yote: mama mwenye watoto wadogo aende kazini au abaki nyumbani, na akienda, fedha yake iwe ya nani. Nimelisikia likizungumzwa harusini, misibani na siku za Idi, na kwa muda mrefu limekuwa gumzo la nyumba yangu mwenyewe hapa Harburg, upande wa kusini wa Hamburg. Ninaandika kwa ridhaa ya mume wangu, ambaye amesoma kila mstari na bado hakubaliani na baadhi yake.

Nianze na hoja zake, kwa kuwa ni hoja nzito. Baba Salma alikulia Ngamiani, Tanga, katika nyumba isiyokosa mtu mzima hata saa moja. Mama akienda soko la Mgandini, mtoto anabaki na bibi, na bibi akiondoka yupo shangazi au binti wa jirani. Hapa hatuna yeyote kati ya hao. Kita, yaani kituo cha malezi ya watoto, yetu inafunga saa kumi jioni, mtoto akipata homa kidogo wanapiga simu afuatwe mara moja, na zamu ya asubuhi katika nyumba za kutunzia wazee huanza saa kumi na mbili, wakati mlango wa Kita bado umefungwa. Yeye mwenyewe anafanya kazi ya zamu kwenye ghala karibu na bandari. Aliniuliza, bila ukali, mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye hajajua hata kusema tumbo linamuuma atalelewa na nani. Anaongeza kuwa dini imemwekea mume wajibu wa kulisha, kuvisha na kumpa mke makazi, na kuwa siku ya hesabu atakayeulizwa ni yeye. Ninamwamini anaposema hivyo, kwa sababu tangu tuoane hajawahi kuniacha niombe pesa ya chakula mara mbili.

Mabishano yetu hasa yalishika moto siku nilipopata barua ya kuajiriwa kwa muda, kama msaidizi katika nyumba ya wazee. Alikaa mezani jikoni, akageuza bahasha iliyokuwa na barua ya Kita, akaandika juu yake mshahara nitakaobakiwa nao baada ya makato. Chini yake akatoa ada ya saa za ziada za Kita, akatoa euro 58 za tiketi ya mwezi ya treni na mabasi, akatoa makisio ya chakula cha kununua siku ambazo sitaweza kupika, kisha akapiga mstari na kuzungushia duara kiasi kilichobaki. Kilikuwa kidogo kweli. Akasukuma bahasha upande wangu akasema, "Mama Salma, kwa kiasi hiki unamwacha mtoto na watu baki?"

Niliichukua bahasha ile nikaitazama kwa muda mrefu, na sikuweza kukosoa hata tarakimu moja. Tarakimu zote zilikuwa sahihi, ila zilipangwa kana kwamba mtoto ni wa mama peke yake. Kwa nini ada ya Kita itolewe kwenye mshahara wangu tu? Kita inamwezesha baba kwenda ghalani kama inavyomwezesha mama kwenda kuwahudumia wazee. Ni gharama ya nyumba, sawa na kodi ya pango na umeme, na hakuna aliyewahi kutoa umeme kwenye mshahara wangu kabla ya kuamua kama ninafaa kufanya kazi. Tukiigawa ada hiyo kwa kadiri ya kipato cha kila mmoja, sehemu kubwa inaangukia kwenye mshahara wake na duara lile linabadilika sura. Isitoshe, hapa Hamburg saa tano za Kita kwa siku pamoja na chakula cha mchana ni bure, na tangu Agosti 2013 kila mtoto nchini Ujerumani aliyetimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya kupata malezi ya aina hiyo. Tunalipia saa zinazozidi tu.

Jambo la pili ambalo bahasha haikulionyesha ni madaraja ya kodi. Wanandoa hapa wanaruhusiwa kuchagua: mwenye mshahara mkubwa akae daraja la tatu na mwenzake daraja la tano, au wote wawili wakae daraja la nne. Katika mpango wa kwanza, kiwango cha kipato kisichotozwa kodi cha watu wawili wote kinahamishiwa kwa yule wa daraja la tatu, na wa daraja la tano anakatwa kuanzia chini kabisa bila nafuu hiyo. Baba Salma alikuwa la tatu, mimi la tano, kwa hiyo karatasi yake ya mshahara ilipendeza kwa gharama ya yangu. Wanawake wengi niliozungumza nao wanadhani wanakatwa sana kwa sababu kazi zao ni duni. Ukweli ni kwamba kodi ya mwaka mzima ya mke na mume ni ileile mwishoni, wakishapeleka hesabu zao kwenye ofisi ya kodi. Daraja linaamua tu kila mwezi nani aonekane ameleta kingi na nani aonekane ameleta kidogo. Hata hivyo kuonekana huko kuna uzito, kwa sababu malipo ya ugonjwa wa muda mrefu, ya kupoteza kazi na ya likizo ya uzazi hukadiriwa kutokana na kile unachobakiwa nacho baada ya makato. Tulihamia wote daraja la nne, na tofauti kwenye karatasi yangu ikawa zaidi ya euro mia kwa mwezi. Kwake ilipungua, na kwa wiki kadhaa hakufurahi.

Alipoona sikubali kubaki nyumbani, alipendekeza kazi ndogo, ile ambayo mwaka 2025 kikomo chake kilikuwa euro 556 kwa mwezi na ambayo mfanyakazi kwa kawaida halipi kodi wala bima ya afya, kwa kuwa mke anaendelea kubebwa bure na bima ya mumewe. Dada zetu wengi wako huko, wakisafisha ofisi usiku watoto wakiwa wamelala na baba yupo nyumbani. Siwadharau, maana fedha ile imejenga nyumba na kusomesha wadogo zao. Lakini kazi hiyo haimwekei mtu akiba ya bima ya ukosefu wa ajira, na wengi hutia saini kujitoa katika mchango wa pensheni ili wasikatwe. Serikali humhesabia mzazi aliyelea, mara nyingi mama, miaka 3 ya pensheni kwa kila mtoto aliyezaliwa kuanzia 1992, na mwaka mmoja wa hiyo ni takriban sawa na mwaka wa mtu mwenye mshahara wa wastani. Hilo ni jambo jema. Baada ya hapo, mama aliyekaa miaka kumi na tano kwenye kazi ndogo atafika uzeeni akiwa na pensheni isiyolipa hata nusu ya pango la chumba kimoja katika jiji hili, na akifiwa au akiachwa ndipo atakapoiona hesabu nzima.

Kuna usiku aliniambia mambo haya nimeyaokota kwa Wazungu. Nikamkumbusha kuwa Wajerumani wenyewe wametoka mbali: hadi mwaka 1977 sheria yao ya kiraia ilisema mke ana haki ya kuajiriwa pale tu ambapo ajira hiyo haigongani na wajibu wake katika ndoa na familia, na mpango wa kodi niliouelezea una mizizi mwaka 1958, walipomfikiria mama akiwa nyumbani. Pwani yetu je? Mama mkwe wangu aliamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua, na Baba Salma alisomeshwa kwa vitumbua hivyo. Bibi yangu alisuka ukili, na mama yangu alicheza upatu, akiweka zamu yake ya kupokea iangukie mwezi wa ada za shule. Mama asiyefanya kazi sijamwona katika ukoo wangu wala wake. Niliowaona ni akina mama ambao kazi yao haikuandikwa popote. Mama mkwe alipopigiwa simu aamue, alimwambia mwanawe maneno machache: "Nilikuwa nakubeba mgongoni nikikaanga. Wewe ulidhani nacheza?"

Upande wa dini pia tulikaa tukazungumza kwa utulivu. Wajibu wa mume wa kumtunza mke haumzuii mke kuchuma, na anachochuma ni mali yake. Hapo ndipo alipouliza swali ambalo naona ni la haki kabisa: kama changu ni chetu na chako ni chako, nami niachwe kulea peke yangu ili wewe upate cha kuweka, ndoa hii itakuwa ya namna gani? Nilimjibu kuwa sitakaa na fedha kando huku yeye akihemea. Tulikubaliana kila mmoja achangie mfuko wa nyumba kwa kadiri ya kipato chake, Kita ikilipwa kutoka humo, na kinachobaki kila mtu atumie bila kuulizwa, ikiwa ni pamoja na ninachomtumia mama yangu kwa simu. Hili la mwisho lilimgusa, kwa kuwa siku zote fedha ya kutuma nyumbani ilikuwa yake, ikienda kwa watu wake kwanza. Posho ya watoto, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa kila mtoto na hulipwa kwa mzazi mmoja tu, inaingia kwenye mfuko huo.

Kuhusu homa na simu za Kita, kila mzazi aliye katika bima ya afya ya umma alikuwa na siku 15 za kazi kwa kila mtoto mwaka 2025 za kukaa na mgonjwa huku bima ikimlipa sehemu kubwa ya mshahara. Baba pia anazo. Mara ya kwanza alipoomba, msimamizi wake alimuuliza mkewe yuko wapi. Alijibu kuwa mkewe yuko kazini.

Sasa nimeomba mafunzo ya uuguzi, yale ya miaka 3 yanayoweza kufanywa kwa saa pungufu hadi miaka 5, ambayo mwanafunzi hulipwa akiwa bado anasoma. Yanaanza Oktoba. Zamu za asubuhi tumezipanga zisigongane na zake, ingawa kuna wiki mbili kila mwezi ambazo bado hatujapata jibu.

Kilichobaki kati yetu ni kiwanja cha Pongwe, Tanga. Nyumba imefika kwenye linta, na miaka yote niliyokaa na watoto ndiyo iliyomwezesha kuchukua zamu za ziada zilizonunua saruji. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inachukulia kuwa mali iliyo kwa jina la mmoja ni yake hadi ithibitishwe vinginevyo, na iliyo kwa majina ya wote wawili ni ya wote kwa usawa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, lakini sitaki kufika mahakamani kuthibitisha jambo ambalo mume wangu analijua. Nimemwomba hati iandikwe kwa majina yetu wawili kabla bati halijapanda. Amesema atazungumza na kaka yake anayesimamia ujenzi, na mimi nimemwomba nami niwepo kwenye simu hiyo.