Barafu za ukwaju

Mwanangu kanionyesha kwenye simu kipande cha mcheza gofu Tony Finau, mashindano ya Masters ya 2018. Kaingiza mpira shimoni kwa pigo moja, anakimbia kinyumenyume akishangilia, mara kifundo cha mguu wa kushoto hicho kimechomoka. Akainama, akakirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Kesho yake akacheza, akamaliza kwa mapigo 68.

"Baba, si uongo huo?"

Si uongo. Ila mzee wangu wa Tanga hakuwa Finau.

Enzi hizo nilikuwa kedi, namtembezea mfuko wa fimbo za gofu mstaafu mmoja wa bandari, mtu wa maneno mengi. Mvua ya usiku iliacha nyasi tepetepe. Akapanga miguu, akapiga. Anayepigia kulia, akimaliza pigo, uzito wote huhamia mguu wa kushoto, na mara nyingi kiatu hugeuka kidogo kiuno kinapozunguka. Chake hakikugeuka, njumu zilishazama udongoni. Kiuno kikaenda, goti likaenda, kiatu kikabaki, kifundo kikalala upande wa nje. Tak! Nikatazama fimbo kwanza, nikidhani ndiyo iliyovunjika.

Mzee yuko chini. "Umeona ulipoangukia?"

"Uko karibu na shimo, mzee."

"Basi mtu asiuguse."

Soksi ilipovuliwa, uvimbe ulishatokeza kama yai. Barafu ya maana haikuwepo. Barabarani alikuwa anapita mtoto na ndoo ya barafu za ukwaju, zile za vifuko, tukanunua zote. Tukazipanga kuzunguka kifundo, tukafunga kwa taulo la gofu. Zikaanza kuyeyuka, maji ya ukwaju yakamchirizika mpaka vidoleni, nzi nao hawakuchelewa. Kimoja mzee alikipasua kwa jino, akawa anafyonza huku anagumia.

Hospitali wakasema mfupa mzima, kano za nje ndizo zimechanika. Jirani akaleta mchuaji usiku uleule, asubuhi mguu ukazidi kujaa. Jeraha bichi halichuliwi, lakini kamwambie nani Tanga. Baadaye alifanyishwa zoezi la kusimama kwa mguu mmoja, kashika nguzo ya baraza, wapita njia wakimwamkia kwa kicheko.

Alirudi uwanjani. Kilichobaki ni ubishi wa lile shimo. Mwenzake aliyecheza naye siku ile alishikilia kwamba aliyebebwa hajamaliza, yeye akadai mpira ulikuwa karibu mno, ahesabiwe. Wakaniita niwe shahidi, na mimi nalipwa na mmoja wao.