Nilivyopanga likizo ya Pangani kutoka Moshi kwa kufuata mwezi

Ukitaja likizo ya pwani hapa Moshi, kila mtu ni mtaalamu. Huyu anakusukumia Zanzibar, yule anakwambia Pangani nenda siku yoyote, bahari haihami. Inahama! Siku za bamvua maji ya kule hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na Maziwe, kile kisiwa cha mchanga mtupu kisicho na mti, humezwa chote maji yakijaa. Ukifika saa mbaya umekodi boti kwenda kutazama maji.

Ndiyo maana naanza na kalenda ya Kiislamu, nauli baadaye. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na hukolea siku moja au mbili baadaye. Siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha kila siku yanachelewa kama dakika 50. Basi tarehe 16 au 17 ya mwezi wa Kiislamu naondoka saa mbili na nusu, nafika fungu limeanza kuchomoza, naogelea kwenye matumbawe mpaka karibu saa sita, narudi kabla sijafukuzwa. Saa kumi jioni bahari imejaa ufukweni, watoto nao waoge. Ukienda tarehe 8 au 23 umekutana na maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana: kupwa kunaangukia alasiri, na upepo umeshaichafua bahari.

Boti hukodiwa nzima, laki na kitu, mkiwa sita haiumi. Maziwe ni hifadhi ya bahari na ina kiingilio, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA ulipe kama raia. Kivuli hakuna, khanga mbili na fimbo nne zinatosha.

Msimu nao una ujanja wake. Aprili na Mei ni masika. Juni shule zimefungwa, lakini kusi linavuma na mawimbi yanaingia botini. Desemba kila mtu alinikataza, eti mabasi yamejaa. Yamejaa upande mmoja! Wachaga ni kama bamvua: kabla ya Krismasi wanapanda Moshi, baada yake wanashuka Dar. Mimi nateremka tarehe 22, narudi 28, viti vya kuchagua, nauli elfu ishirini na kitu. Gharama yake ni maneno ya ukoo, maana ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ameliwa haupo. Mwaka ambao bamvua haliangukii hapo, naenda Septemba.

Basi likifika Segera hakikisha linakunja kushoto kwenda Muheza na Tanga. La Dar litakushusha njia panda na mizigo yako. Lala Tanga, asubuhi kodi gari hadi Pangani, kwa sababu ukiwa na gari lako unasimama Tongoni, kama kilomita 20 kusini ya mji. Kuna msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo, mengi yameanguka, na mikoko iko jirani kabisa. Kwenye mafungu ya eneo hili ndipo meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama mwaka 1498. Mwaka uliofuata Wareno waliichoma moto wenyewe. Saa moja inatosha. Mtafute mlinzi kwanza.

Usioge karibu na mlango wa mto Pangani. Yale maji ya kahawia yanatoka kwetu: Kikuletwa kutoka Meru na Ruvu kutoka Kilimanjaro hukutana bwawa la Nyumba ya Mungu, huwa mto Pangani, na safari yao inaishia mlangoni hapa. Bahari safi iko Ushongo, ng'ambo ya kusini, unavuka kwa kivuko hadi Bweni. Kama jua limeshazama, lala Pangani mjini, mahali Wajerumani walipomnyonga Bushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga, Desemba 1889. Nyumba za zamani ziko pale pale mbele ya mto, unazizunguka kwa miguu kabla ya chai, kisha unavuka.