Siku hasi mbili: saa za anayeuguza

Mgonjwa ana saratani ya uloto (mayeloma), na seli zake mama, zile zinazotengeneza damu, zimeshavunwa. Madaktari huhesabu kurudi nyuma: siku ya kurudishiwa seli ni sifuri, kwa hiyo leo ni hasi mbili, siku ya melfalani, dawa kali ya kuua saratani.

Saa 12 asubuhi. Oga, vaa nguo safi, acha pete na bangili nyumbani maana uchafu hujificha chini yake. Ukiamka na mafua, hata mepesi, usiende. Ndiyo maana zamu hupangwa watu wawili tangu mwanzo.

Saa 2. Nawa kwa sabuni, vaa barakoa. Andika daftarini joto, maji aliyokunywa na mkojo. Likifika nyuzi 38, mwite muuguzi papo hapo. Usimpe panadoli kwanza: itashusha joto na kuficha maambukizi.

Saa 4. Barafu. Hii ndiyo kazi kubwa ya leo, na wengi huichukulia kama mchezo. Melfalani huchubua mdomo na koo; baridi hubana mishipa ya damu ya mdomoni, dawa ikafika kidogo. Mgonjwa aanze kumumunya dakika chache kabla ya dripu, aendelee dripu ikiingia, kisha kama nusu saa baada ya kuisha, au zaidi wodi ikielekeza. Ponda vipande viwe vidogo, vizunguke hadi chini ya ulimi. Itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Barafu ya mifuko ya dukani hapana. Kinachoharibu ni mapumziko: meno yakiuma anaacha dakika kumi, mdomo unapata joto. Hapo mpe maji baridi sana ayashike mdomoni. Na usiende kantini: dawa ikishachanganywa hudumu kama saa moja tu, ikifika inatundikwa.

Saa 7 mchana. Chakula cha moto, kilichoiva vizuri, kidogo kidogo. Ndizi ya kumenya sawa. Kachumbari, mtindi wa kienyeji na juisi ya barabarani hapana. Akitapika, andika saa na kiasi.

Saa 10. Asukutue kwa maji ya chumvi, atumie mswaki laini. Akioga, mpira wa kifuani wa kupitishia dawa ufunikwe usilowe.

Saa 12 jioni. Simu za ndugu. Wote wanataka kuja kuchangia damu kesho. Wazuie kwa upole, kwani chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hukaa siku 5 tu zikishatolewa, na chembe za damu za mgonjwa zitashuka zaidi kama wiki moja baada ya siku sifuri. Mwanamume aliyetoa damu husubiri miezi 3, mwanamke 4. Wakija kumi kesho, wakati wa shida hutakuwa na mtu. Andika majina na makundi ya damu, wagawe kwa tarehe, kisha umwulize muuguzi: mchangiaji wa kwanza aje lini?

Saa 2 usiku. Daftari linakabidhiwa kwa wa zamu, na saa ya kipimo kijacho imepigiwa mstari.